Maisha ya Daktari Livingstone na Hati Zilizookolewa

Tulipoombwa kuandika katika kijitabu hiki cha Yubile habari za maisha ya mtu mmoja wa zamani, tulikuwa tumeketi mbele ya kasha la mtaa wetu, tukitafuta majina ya wazee waliobatizwa kwanza. Tukaona kurasa nyingine zimeliwa na mchwa, na wino wa nyingine umefifia hata majina hayasomeki tena. Tukahuzunika, kwa maana jina lililoliwa na mchwa hakuna awezaye kulirudisha, na wazee waliolijua wamekwisha kufa.

Ndipo tulipomkumbuka Daktari David Livingstone. Walimu wengi huwafundisha watoto safari zake, mito aliyovuka na maziwa aliyoyaona. Lakini ni wachache wanaofikiri ya kuwa karibu yote tunayoyajua juu yake yametoka katika barua zake na madaftari yake. Na ya kuwa hati hizo zilikaribia kupotea si mara moja wala mbili. Na ya kuwa mwisho wake waliookoa hati hizo ni Waafrika wenzetu. Basi twataka kusimulia maisha yake kwa kuzifuata hati hizo, tangu mwanzo hata mwisho.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, na jamaa yote walikaa katika chumba kimoja cha nyumba za wafanya kazi wa kiwanda cha pamba. Baba yake, Neil, alikuwa akichuuza majani ya chai, na siku ya Jumapili akifundisha watoto. David alipopata miaka 10 alitiwa kiwandani, na kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Walianza saa kumi na mbili asubuhi, wakafungua saa mbili usiku. Alipopata mshahara wake wa kwanza, sehemu yake alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu akakiweka juu ya mtambo, na kila apitapo mbele yake akasoma neno moja au mawili, huku mitambo ikinguruma pande zote. Baada ya kazi akaenda shule ya usiku. Ndivyo alivyozoea tangu utoto kusoma na kuandika mahali ambapo mtu mwingine angesema haiwezekani, na mazoea hayo hayakumwacha hata kufa.

Mwaka 1836 alianza kusoma uganga katika mji wa Glasgow, akijilipia kwa kazi ya kiwandani. Alitaka kwenda China, lakini vita vikamzuia. Akakutana na Robert Moffat, mmisionari wa Afrika ya Kusini, naye akamgeuza nia. Mwezi wa Novemba 1840 akapata hati ya uganga, akawekewa mikono kuwa mmisionari, na mwezi wa Desemba akapanda merikebu. Mwezi wa Julai 1841 akafika Kuruman, nchi ya Watswana.

Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Angekufa siku ile, kama asingekuwapo Mebalwe, mwalimu Mwafrika, aliyemwelekezea simba bunduki. Simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe, akamwuma pajani. Kisha akafa kwa majeraha yake. Mfupa ule haukuunga vizuri. Msomaji na aukumbuke, kwa kuwa tutaurudia mwisho wa habari hii.

Mwaka 1845 akamwoa Mary, binti Moffat. Wakakaa kwa Sechele, mfalme wa Wakwena, aliyejifunza herufi zote kwa upesi wa ajabu, akabatizwa mwaka 1848. Lakini Livingstone hakuweza kutulia mahali pamoja. Mwaka 1849 akavuka jangwa la Kalahari akaliona ziwa Ngami, na mwaka 1851 akaufikia mto Zambezi. Mkewe na watoto walipata taabu nyingi katika safari zile, hata mwezi wa Aprili 1852 akawapakia merikebuni kwenda Uingereza, yeye akabaki. Mwaka uo huo Makaburu walimpiga vita Sechele, wakaivunja nyumba ya Livingstone pale Kolobeng. Dawa zake zikamwagwa, na vitabu vyake vikachanwa kurasa zikatawanywa. Yeye hakuwapo. Hii ndiyo mara ya kwanza tunayoiona hasara ya karatasi katika maisha yake.

Mara ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 1853 alitoka Linyanti pamoja na watu 27 waliopewa na Sekeletu, mfalme wa Makololo, ili atafute njia ya kwenda bahari ya magharibi. Walipita mvua, homa na njaa, na mwisho wa Mei 1854 wakafika Luanda. Livingstone alikuwa amekonda sana. Palikuwa na manowari za Waingereza bandarini, na wakubwa wake wakamwambia apande arudi kwao akapone. Akakataa, kwa sababu aliwaahidi Makololo kuwarudisha kwao, na aliona ya kuwa peke yao hawataweza kupita. Basi akaandika barua zake, na ramani, na taarifa za safari yote, akazitia katika merikebu iliyoitwa Forerunner, mwenyewe akarudi barani.

Merikebu ile ikavunjika karibu na kisiwa cha Madeira. Watu wengi wakafa maji, na karatasi zote zikazama. Livingstone alipata habari hiyo akiwa Pungo Andongo, ndani ya nchi ya Angola. Wengine wangekata tamaa. Yeye akaketi palepale hata mwisho wa mwaka 1854, akaandika tena kila kitu kwa msaada wa daftari alilokuwa nalo na kumbukumbu yake. Kama asingeikataa merikebu ile, labda angalizama pamoja na karatasi zake. Ahadi aliyoitimiza kwa watu weusi 27 ndiyo iliyouokoa uhai wake.

Akarudi Linyanti, akatoka tena na watu wengine wa Sekeletu kufuata Zambezi kwenda mashariki. Mwezi wa Novemba 1855 wakampeleka kuona maporomoko yaitwayo Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi ungurumao, naye akayapa jina la malkia wake, Victoria. Mwezi wa Mei 1856 akafika Quelimane, pwani ya mashariki. Alipofika Uingereza akapokewa kwa heshima kubwa; na mwaka 1857 akatoa kitabu cha safari zake, kikanunuliwa na watu wengi sana. Tarehe 4 Desemba mwaka huo alisema mbele ya wanafunzi na waalimu wa Cambridge juu ya nchi zetu na biashara ya watumwa. Maneno yale ndiyo yaliyozaa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, iliyofika baadaye Unguja, Magila, Masasi na Likoma.

Sasa hatuna budi kusema mambo yasiyompendeza msomaji, kwa kuwa hati zenyewe hazikuyaficha. Kutoka mwaka 1858 hata 1864 Livingstone aliongoza safari ya serikali katika Zambezi, na safari ile ilikuwa ya machozi. Alikuwa amesema mto utakuwa njia ya merikebu, kumbe pale Cahora Bassa maji yanaporomoka juu ya majabali, wala merikebu haipiti. Alikuwa mgumu kwa Wazungu wenzake, akagombana nao, na wengine akawafukuza. Barua zake na madaftari ya wenziwe yote mawili yapo, na ukiyasoma pamoja huwezi kusema ya kuwa kosa lilikuwa la upande mmoja.

Lakini katika miaka ileile, mwezi wa Septemba 1859, alilifikia ziwa Nyasa. Na mwezi wa Julai 1861, akiwa pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wa kwanza, walikutana na msafara wa watumwa waliotiwa makongwa shingoni, wakawafungua. Miongoni mwao alikuwamo kijana Myao, jina lake Chuma. Askofu Mackenzie hakuishi mwaka mzima: mtumbwi wake ulipinduka, dawa zikapotea majini, akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Tarehe 27 Aprili mwaka huo Mary, mke wa Livingstone, aliyekuja kumfuata mumewe, akafa Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Hukohuko Shupanga, mwaka uliofuata, Livingstone akamwajiri mtu wa kazi za merikebuni, jina lake Susi. Hakuna aliyejua siku ile ya kuwa yule Chuma na huyu Susi ndio watakaomchukua akiwa maiti.

Mwaka 1866 Livingstone alikuja Unguja, akashuka Mikindani mwezi wa Machi, akaanza safari yake ya mwisho. Alikuwa na Chuma na Susi. Na vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, waliosoma katika shule ya Nasik, Bara Hindi. Na askari wa Kihindi. Na watu wa Anjouan. Wengi wakamwacha njiani. Wale wa Anjouan walirudi Unguja mwaka uo huo wakasema ya kuwa Livingstone ameuawa, wakaeleza na namna ya mauti yake. Watu wengi wakaamini. Mwaka 1867 Bwana E. D. Young akatumwa ziwa Nyasa kuuliza vijiji kwa vijiji, akaona ya kuwa ni uongo mtupu. Tumeona hapa jinsi habari ya mdomo iwezavyo kumwua mtu aliye hai.

Hata hivyo alikuwa katika hatari ya kweli. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili walitoroka na sanduku la dawa, na tangu siku ile homa ilimpiga bila kinga. Akaendelea: Tanganyika mwaka 1867, Mweru mwaka uo huo, Bangweulu mwaka 1868. Na katika jambo hili tuwe waadilifu. Aliwachukia wafanya biashara ya watumwa, lakini aliishi kwa ukarimu wao. Tippu Tip alimsaidia njiani. Na Mohamed bin Gharib alimwuguza alipokuwa karibu ya kufa, akamchukua kwa machela hata akafika Ujiji mwezi wa Machi 1869. Hayo yote mwenyewe aliyaandika. Hakuwanyima sifa waliomtendea mema, ingawa kazi yao aliiona ni chukizo.

Pale Ujiji aliandika barua nyingi, kama 40, akawapa watu wazipeleke pwani. Karibu zote hazikufika. Mwenyewe aliamini ya kuwa zimeharibiwa kwa makusudi, kwa kuwa wafanya biashara waliogopa yaliyoandikwa ndani yake juu ya watumwa. Hasara hiyo yafundisha neno moja: mwovu haogopi sana mtu anayelia, bali humwogopa mtu anayeandika.

Kutoka Ujiji akaenda Manyema, na mwezi wa Machi 1871 akafika Nyangwe, penye mto Lualaba. Huko karatasi zikamwishia, na wino pia. Basi akatwaa magazeti ya Kiingereza ya zamani, akaandika juu yake kwa kuvukisha mistari juu ya mistari iliyopigwa chapa. Na wino akaufanya kwa mbegu za mmea wa nchi ile. Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Watu zaidi ya elfu, hasa wanawake, walivuka mto kuleta samaki, vyungu, mafuta ya mawese na kuku. Livingstone alipenda kwenda sokoni, akafurahi kuwasikia wakibishana bei na kucheka.

Tarehe 15 Julai 1871, watu watatu wa msafara wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ukaanza juu ya bei ya kuku, nao wakapiga risasi katikati ya watu. Na wengine waliokuwa pwani ya mto wakawapiga waliokimbilia mitumbwi. Wengi wakajitupa majini wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, akazuiwa. Akakaa na kalamu yake na wino ule wa mbegu na magazeti yale makuukuu, akaandika aliyoyaona siku ile, wakati moshi wa vijiji vilivyochomwa ng'ambo ya mto ulikuwa bado ukipanda.

Hakuweza kukaa tena na watu wale. Akarudi Ujiji kwa miguu yenye vidonda, akafika mwezi wa Oktoba, akakuta mali aliyoletewa imeuzwa yote. Siku si nyingi Susi akaja mbio kumwambia ya kuwa Mzungu anakuja. Huyo alikuwa Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani. Pamoja na chakula na nguo alimletea mfuko wa barua uliofungwa pwani tangu mwezi wa Novemba 1870, ukalala Unyanyembe kwa muda mrefu. Livingstone aliuweka mfuko magotini, akasoma barua moja mbili za watoto wake, akaziacha nyingine, akauliza kwanza habari za dunia. Mtu aliyekaa miaka bila barua alikuwa amejifunza kungoja.

Stanley alipoagana naye Unyanyembe, tarehe 14 Machi 1872, Livingstone alimkabidhi daftari lake kubwa, limefungwa na kutiwa mihuri, na barua nyingi. Alipofika Uingereza wako waliosema ya kuwa amezitunga mwenyewe. Lakini Thomas, mwana wa Livingstone, alipoyaona maandiko akakiri ya kuwa ni mkono wa baba yake. Habari za Nyangwe zikasomwa, na watu wakaghadhibika. Serikali ikamtuma Sir Bartle Frere Unguja. Na tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha kupakia watumwa baharini na kufunga masoko yao. Katika siku ya Krismasi ya mwaka ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Hatusemi ya kuwa utumwa uliisha siku hiyo, wala ya kuwa mtu mmoja aliufunga peke yake. Twasema tu ya kuwa maneno yaliyoandikwa na mgonjwa katika magazeti makuukuu yalifika mahali ambapo miguu yake isingeweza kufika.

Yeye hakuyajua hayo. Stanley alimpelekea watu 57 kutoka pwani, na mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasoma Nasik, mwenye kuandika Kiingereza vizuri. Wakaondoka Agosti 1872, wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika. Livingstone alitoka damu kila siku, na mwisho akachukuliwa kwa machela. Tarehe 27 Aprili 1873 aliandika mara ya mwisho, maneno machache tu: amechoka kabisa, na watu wametumwa kununua mbuzi wa maziwa. Wakamjengea kibanda katika kijiji cha Chitambo. Tarehe 1 Mei, kabla ya mapambazuko, kijana Majwara aliyelala mlangoni akamwita Susi. Wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa katika mikono yake, amekufa.

Hapa ndipo twapenda msomaji asimame kidogo. Watu wale walikuwa mbali na pwani kwa mwendo wa miezi. Bwana wao amekufa, wala hakuna Mzungu hata mmoja wa kuwaona. Nguo na vyombo vilikuwamo masandukuni. Kama wangaligawana wakaenda zao, nani angalijua? Lakini walikusanyika asubuhi, wakawachagua Chuma na Susi kuwa wakubwa wao, wakafungua masanduku mbele ya watu wote, ili kila mtu awe shahidi. Na Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo, vyombo, vitabu na karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hawa hawakukubali ipotee.

Kisha wakakata shauri kuuchukua mwili hata pwani. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob akasoma sala za maziko, akachonga jina na tarehe katika gome. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa, kwa gome la mti na kwa turubali. Chitambo akaahidi kupalilia majani yasiuunguze mti. Wakaondoka. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, wakakuta Wazungu waliotumwa kumsaidia Livingstone, na mkubwa wao, Luteni Cameron, akawashauri wauzike mwili pale. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite nchi yao. Basi wakafanya mzigo wa uongo kama maiti, wakautuma urudi nyuma kama unakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, ukalala katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Na masanduku ya karatasi nayo yakafika.

Huko pwani wengi wakalipwa mshahara wao wakaambiwa waende. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyepanda merikebu pamoja na jeneza hata Uingereza. Huko waganga walitaka kujua kwa yakini kama mwili ni wake, wakautazama mkono wa kushoto, wakaona mfupa ule uliovunjwa na simba Mabotsa miaka 30 iliyopita. Akazikwa katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob alikuwa mmoja wa waliolichukua jeneza. Chuma na Susi waliletwa baadaye na rafiki yake Livingstone, wakaketi pamoja na Padre Horace Waller, wakamweleza mahali na majina na mambo yaliyotokea, naye akayatengeneza madaftari kuwa kitabu, kilichotoka mwisho wa mwaka 1874.

Lakini Waller alipunguza. Maneno makali, na manung'uniko, na mambo yaliyoweza kumtia aibu rafiki yake, mengine aliyaacha. Na yale magazeti ya Nyangwe hayakusomeka tena: wino wa mbegu ulififia, ukabaki wino mweusi wa chapa. Yakakaa Uskoti zaidi ya miaka 100 kama mtu aliyepoteza sauti. Hata mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa nuru za rangi mbalimbali, na maandiko yakaonekana tena. Ndipo ikajulikana ya kuwa aliyoyaandika siku zile hayakulingana katika yote na yale yaliyopigwa chapa. Yamo maneno mazito juu ya watu wake mwenyewe, wale waliopelekwa kwake kutoka Unguja, na juu ya mwenendo wao huko Manyema, ambayo baadaye yalilainishwa. Mtakatifu wa vitabu vya watoto hatumwoni huko. Twamwona mtu mgonjwa, mwenye hasira na huzuni, anayewategemea watu asiowaamini, lakini asiyeacha kuandika. Sisi twampenda huyu zaidi kuliko yule mwingine.

Leo zajulikana barua zake zaidi ya 2000. Nyingi ziko Edinburgh katika nyumba ya vitabu vya taifa, na Blantyre katika nyumba alimozaliwa, na London. Nyingine ziko katika nchi za Afrika. Daftari la Jacob Wainwright nalo lipo, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Chuma alirudi, akaongoza misafara ya Askofu Steere na ya wengine, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akajichagulia jina la David, akafa Unguja mwaka 1891. Jacob akafa Urambo mwaka 1892. Katika kanisa kuu la Unguja upo msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, na apitaye mbele yake na awakumbuke wote, si mmoja tu.

Ndugu zetu walimu na wazee wa mitaa, katika mwaka huu wa Yubile tunaimba na kupiga ngoma, na ni vema. Lakini tukimaliza, twende tukafungue makasha yetu. Ziko barua za wazee waliotutangulia, na madaftari ya shule za kwanza, na vitabu vya ubatizo na ndoa. Tuziondoe juu ya sakafu, tuziweke pakavu, tuandike orodha mbele ya mashahidi kama walivyofanya watu wa Chitambo. Wala tusizichane zile zinazotuonyesha makosa ya wakubwa wetu, au yetu sisi. Katika kasha letu tumekuta barua moja ya katekista wa zamani akilalamika ya kuwa hakulipwa miezi 4, na mmoja wetu akashauri itiwe moto, isionekane katika Yubile. Tukaikunja vizuri, tukairudisha mahali pake.